Madigadi ya baiskeli ya resi: kosa ni langu

Najua ni muda sijaandika. Nilikuwa nyumbani Kabanga, Kasulu, likizo ya kati ya semista, na mvua za kwetu hazikuwa na mchezo. Leo naandika kuhusu madigadi ya baiskeli. Msicheke, vumilieni mpaka mwisho, maana kuna mtu amefungwa mkono na kitambaa shingoni kwa sababu yangu.

Mdogo wangu anajitolea kufundisha shule ya msingi kijiji cha jirani. Mwaka jana alinunua baiskeli ya resi ya mtumba, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo na tairi nyembamba. Kwenye lami inapaa. Shida ni kwamba haikuja na madigadi, na ukiacha lami tu unakutana na udongo wetu mwekundu. Kila asubuhi ya mvua alifika shuleni na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kwenye kola. Shati jeupe, jamani! Watoto wakambatiza Mwalimu Pundamilia.

Akaniomba ushauri kwa vile nasoma uhandisi mitambo. Nami nikajiona profesa. Tukanunua madigadi sokoni Kasulu mjini, tukaenda kwa fundi. Yule mzee akajaribu kupitisha kidole kati ya tairi na breki, hakikupita. Akasema, "Msomi, hapa hamna nafasi. Hii siyo Phoenix." Nikamjibu, "Mzee wangu, we weka tu, itaingia." Akagonga, akabana, ikaingia kweli. Gurudumu likazunguka bila kugusa popote. Nikapiga na picha.

Siku ya tatu mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi, kwenye mteremko, tope na majani vikajaa kati ya tairi na madigadi ya mbele. Gurudumu likagoma ghafla, mdogo wangu akapita juu ya usukani. Mtulinga ukavunjika. Watoto wa darasa lake wakakaa bila mwalimu.

Sasa maoni yangu. Tunapenda kusema kitu kinafaa kwa sababu kimeingia. Hapana. Swali si kama madigadi yameingia, swali ni tope litapita wapi. Kwenye lami, nafasi ya milimita 5 au 6 kati ya tairi na madigadi inatosha, maana kinachoruka ni maji. Udongo wa Kabanga ni kitu kingine, unanata kama ugali wa muhogo. Nafasi ile ile inageuka kuwa mtego.

Kama baiskeli yako ina nafasi finyu, una njia chache tu. Moja, weka tairi nyembamba zaidi. Ukitoka 28 kwenda 25 unapata kama milimita 3 hivi, ila barabara ya mashimo utaisikia mgongoni. Mbili, kata madigadi vipande viwili, kimoja mbele ya breki na kingine nyuma yake, kila kimoja na mshikio wake, ili pale penye ufinyu pasiwe na kitu. Ukimaliza, kata usukani kona hadi mwisho uone kama ncha ya kiatu haigusi madigadi ya mbele. Tatu, achana na madigadi kabisa. Kata kipande cha dumu la mafuta la lita 5, funga chini ya kiti. Mgongo utapona, miguu italowa, lakini utafika mzima. Mimi kwa njia zetu za vijijini nachagua hii ya tatu.

Halafu tuache kuicheka Phoenix ya mzee nyumbani. Tunaiita ya kishamba, lakini iangalieni vizuri. Breki zake za vyuma zinabana rimu kwa ndani, kwa hiyo hakuna breki inayobana nafasi ya madigadi. Madigadi yake ni mapana na yako mbali na tairi. Aliyeichora alijua barabara ya tope. Baiskeli ya resi nayo si mbaya, imechorewa lami tu. Ubaya ulikuwa mimi kuilazimisha.

Mdogo wangu hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kabla sijapanda basi kurudi chuo nilipita kwa yule fundi kumwomba radhi. Akacheka, akaniambia, "Kidole changu hakijasoma, lakini hakidanganyi." Mpaka leo sina jibu.

Basi wadau, kabla ya kukaza nati, pitisha kidole kwanza. Wiki ijayo tunarudi kwenye habari za bumu. Wasalaam.