Gari likivuma, usiongeze sauti ya redio

Kwa miezi minne niliendesha gari linalovuma na nilikuwa nimeshalizoea. Beringi ya gurudumu inapochoka haitoi kishindo. Inaanza kama upepo unaopenya kwenye kioo kisichofunga vizuri. Wiki inayofuata inapanda kidogo, na sikio la dereva linapanda nayo. Mimi kila nikifika mwendo wa 80 nilikuwa naongeza sauti ya redio, basi.

Aliyeusikia mvumo ni mjomba wangu. Tulikuwa tunakwenda Muheza kwenye arobaini ya bibi, tumepitia njia ya Bagamoyo, na kabla hatujafika Msata akaomba nizime redio. Mjomba aliendesha malori tangu ujana wake mpaka macho yalipomkatalia. Masikio yake bado yapo kazini.

“Mwanangu, hili gari linavuma tangu lini?”

“Ni matairi, mjomba. Fundi aliniambia hivyo, nikanunua mawili mapya ya mbele.”

“Na mvumo ukaisha?”

Nilinyamaza, maana haukuisha. Matairi yaliyolika upande kweli huvuma, na ndiyo maana fundi yule hakukosea kuyataja. Alikosea kuishia hapo. Alilitazama gari likiwa limesimama, hakuliinua, hakuliendesha, akanitajia bei.

Barabara ilipokuwa tupu mbele na nyuma, mjomba aliniambia nishike mwendo wa 60 na niyumbishe usukani kidogo, kulia kisha kushoto, taratibu. Nilipokata kulia mvumo ulipanda ukawa kama wa mashine ya kusaga inayosikika kwa mbali. Nilipokata kushoto ukafifia. “Ya kushoto hiyo,” akasema. Gari likikata kulia, uzito wake unaegemea kushoto, na beringi mbovu ikibebeshwa mzigo hulia zaidi.

Msata tukapata mahali tambarare. Akaniamuru nivute breki ya mkono, niyawekee mawe magurudumu ya nyuma, niache gia huru, kisha nipige jeki mpaka tairi la mbele liachane na ardhi. Chini ya gari hakuniruhusu kuingiza hata mkono. Kwake yeye jeki bila stendi ya chuma si ya kuaminiwa.

“Shika tairi kama uso wa saa. Mkono mmoja juu, saa sita, mwingine chini, saa kumi na mbili. Sukuma huku, vuta kule.”

Nikashika. Ndani ya tairi kitu kilicheza, kidogo mno, kama mlango wenye komeo lililolegea. Kwa macho nisingekiona, ila viganja vilikipata. Mjomba akashika yeye na kunituma nikakanyage breki. Nilipokanyaga, mchezo ukakoma. Hiyo ndiyo tofauti, akanieleza: mchezo ukikoma ni beringi; ungebaki pale pale, tungeitafuta bolijointi. Na kama tairi lingecheza kwa saa tatu na saa tisa peke yake, jicho lingekwenda kwanza kwenye tairodi ya usukani. Mwisho akalizungusha kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka juu ya springi. Akaniambia nami niweke wangu. Mkwaruzo ulipita kwenye chuma kama mchanga ndani ya kinu.

Beringi ni pete mbili za chuma, katikati kuna gololi zinazozunguka ndani ya grisi, na sili ya kuzuia maji na vumbi. Shimo la barabarani linazigonga gololi kwenye njia zake. Maji ya masika, kama yale ya Jangwani tunayoyakata magurudumu yakiwa nusu ndani, yakipita sili huharibu grisi. Gurudumu likishalegea, diski ya breki nayo hucheza, vitambaa vya breki vinasukumwa nyuma, na pedali inazama siku unapoihitaji. Beringi ikiachwa mpaka mwisho, gurudumu linaweza kuchomoka.

Gari tuliliacha hapo Msata kwa fundi, tukapanda basi kwenda Muheza.

Tuliporudi, fundi huyo alikuwa na beringi mpya mkononi na nyundo pembeni. Mjomba alimzuia, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma. Nyundo inaziumiza gololi na njia zake kabla gari halijatembea hata hatua moja, na mvumo hurudi mapema. Beringi za magari mengi ya sasa huingizwa kwa presi, na nyingine zina upande wenye sumaku inayosomwa na kifaa cha breki. Ukizigeuza, taa ya ABS inawaka. Kipande chote chenye beringi kikafunguliwa, kikapelekwa Chalinze kwenye presi. Tulilala njiani usiku mmoja. Siujutii.

Ninachodai ni kidogo. Fundi asiyeinua gari asilipwe kwa kukisia. Mwenye daladala anayepokea hesabu kila jioni amuulize dereva wake gari linaliaje, na dereva akisema linavuma asijibiwe kwamba limalize wiki kwanza. Anayebeba watoto wa shule asikie hili mara mbili, kwa sababu mtoto wa miaka sita hajui kumwambia mtu kwamba gari linavuma. Na wewe abiria uliyekaa juu ya gurudumu la mbele, unayesikia mvumo unaopanda na mwendo, mwambie dereva. Yeye huenda ameshauzoea, kama nilivyouzoea mimi.

Ukipanga safari ya kwenda kijijini mwisho wa mwaka huu, nenda gereji siku tatu kabla. Mwambie fundi apige jeki wewe ukiwepo, kisha shika tairi kwa mikono yako mwenyewe, saa sita na saa kumi na mbili.