Simu ya Pande Tatu Isingeuona Mguu wa Kaka

Kila Jumapili jioni kaka yangu alikuwa ananipigia video akiwa machimboni, upande wa Geita. Anakaa mlangoni kwenye kambi yao, mwanga unampiga usoni vizuri, anacheka, ananiuliza bumu limebaki shilingi ngapi. Wiki tatu mfululizo. Nikamwambia mama, ambaye yuko nyumbani Nyahanga, pale Kahama, kwamba kaka yuko fiti kabisa, nimemuona kwa macho yangu.

Mama hapendi video. Akipiga, ninachoona ni paji la uso na bati la nyumba, basi. Yeye na kaka wanaongea kwa simu ya kawaida, na ni yeye aliyeniambia, "Mwanangu, kaka yako anaumwa." Nikabisha. Akasema, "Siku zote anaongea na mimi huku anatembea, namsikia anavyohema. Siku hizi amekaa tu." Alipobanwa, kaka akakiri. Jiwe lilimwangukia mguuni ndani ya duara, na kidonda kilishaanza kutunga usaha. Picha yangu ya kila Jumapili ilikuwa inaishia kifuani.

Nimekumbuka habari hii kwa sababu ya hoja inayozunguka kwenye vimbweta tangu tuliporudi kutoka TP. Kuna wenzetu wanasema haina maana lekchara asafiri siku nzima kwenye basi kwenda kumtathmini mwanafunzi mmoja Kahama au Geita wakati video ipo. Mmoja, mtu wa kompyuta, akaongeza kwamba miaka michache ijayo picha yenyewe itakuwa ya pande tatu, itakuwa kama mtu amekuja kweli. Na upungufu wa walimu vijijini nao utaisha humo humo, mwalimu mmoja mzuri atafundisha shule kumi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Sibezi. Nimeisoma teknolojia hiyo na ni kazi ya akili kubwa. Microsoft walionyesha kitu cha jamii hiyo mwaka 2016, wakakiita Holoportation, ila ilibidi uvae kifaa kizito kichwani. Google wakaja Mei 2021 na Project Starline, huvai chochote. Unakaa mbele ya kioo kikubwa, kamera zinakupiga kutoka pembe kadhaa, kompyuta inaunganisha picha hizo kuwa umbo moja, halafu kioo cha mwenzako kinapeleka picha tofauti kidogo kwa kila jicho lake. Ubongo unadanganyika. Anakuona una kina, una ukubwa wako halisi, na unamtazama machoni. Hilo la macho ndilo lililonigusa. Kwenye video zetu za kawaida ukimtazama mtu kwenye kioo, yeye anaona umeangalia chini, maana kamera iko juu. Tumezoea kuongea na watu wasiotutazama hadi tumesahau kuwa ni kasoro.

Mwaka 2025 mradi ukapewa jina la Google Beam, na HP wakatangaza mtambo wake wa kuuzwa, HP Dimension, kamera 6 na kioo cha inchi 65, dola 24,999. Sasa twende kwenye hesabu. Ukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, mtambo mmoja unapita milioni 60. Na unahitaji miwili, mmoja kila upande, la sivyo unaongea na ukuta. Hiyo ni milioni 125. Mwaka 2021, kwenye zile fedha za UVIKO-19, darasa moja la sekondari lilitengewa milioni 20. Kwa hiyo simu moja ni madarasa sita, kabla hujalipia umeme wala bando. Na kuhusu bando, mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu? Nchi nzima tulikuwa tunahangaika kufungua hata WhatsApp.

Lakini bei si hoja yangu kubwa. Bei hushuka, hata simu ya tachi ilikuwa ya matajiri. Kinachonisumbua ni kwamba mtambo huu umeundwa kwa watu wawili waliokaa kwenye viti, wanatazamana. Umejengwa juu ya wazo kwamba jambo la maana liko usoni. Darasani haliko hivyo. Darasa lina watu themanini, na jambo la maana mara nyingi liko kwa yule ambaye hakutazami.

Nchi hii iliwahi kufundisha watu wengi kutoka mbali, tena bila picha yoyote. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio, na takriban watu milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Ila angalia ilivyopangwa: kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na baada ya kipindi watu walijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilileta sauti, mtu wa pale pale alileta yaliyobaki. Linganisha na mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa corona, mimi nikiwa kidato cha tatu. Masomo yalikuja kwenye TV na redio, walimu walieleza vizuri tu, lakini pale sebuleni hakukuwa na wa kuniuliza kama nimeelewa. Nilikuwa naandika notsi safi za vitu nisivyovijua.

Nirudi kwenye TP. Siku niliyotathminiwa nilikuwa nimejiandaa balaa. Lekchara alikuja na vumbi la barabarani, akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa. Nikafundisha, mbele walinyoosha mikono, nikajua nimeua. Kipindi kilipoisha akaniuliza swali moja, "Yule binti wa dirishani aliyelala dakika kumi na tano, unajua anatoka wapi?" Nilikuwa sijui. Hata kwamba amelala nilikuwa sijaona. Kesho yake nikamuuliza binti mwenyewe. Anaamka saa tisa usiku kumsaidia mama yake kupika vitumbua na chai ya kuuzia wachimbaji, ndipo anakuja shule. Tukakubaliana akae dawati la mbele, na kazi za nyumbani azifanyie shuleni wakati wa mapumziko.

Lekchara yule angekuwa kwenye kioo cha inchi 65, angeniona mimi. Angeniona kwa kina, kwa ukubwa wangu halisi, na angenipa alama nzuri kuliko zile nilizopata.

Kwa hiyo Serikali ya Wanafunzi ikipelekewa hoja ya tathmini kwa video, naomba iikatae, hata wakisema ni kwa ajili ya kubana matumizi. Wakitaka kutusaidia kwa teknolojia, watupe vocha tuweze kumpigia lekchara jioni tukikwama, sauti tu inatosha.

Mguu wa kaka umepona, umebaki na kovu. Bado anapiga video Jumapili. Siku hizi namwambia asimame kwanza, atembee hatua tano, ndipo tuongee. Ananiona nimechanganyikiwa.