Kalamu Iliyofunga Shule



Wako wasemao kwamba wilaya ya Prince Edward, katika jimbo la Virginia huko Marekani, haikumdhulumu mtu ilipofunga shule zake zote za serikali mwaka 1959, kwani weupe na weusi walifungiwa sawasawa. Sisi tuliozeeka katika mafaili twaikataa hoja hiyo.

Katika mji mdogo wa Farmville palikuwa na shule ya sekondari ya watoto weusi, iitwayo Robert Russa Moton. Ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180. Kufika mwaka 1951 walizidi 450. Wakubwa hawakuongeza jengo la maana, ila mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi za lami. Wazazi waliomba, wakaambiwa wangoje. (Jibu hilo twalijua sana.) Tarehe 23 Aprili 1951 msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliwaongoza wenzake wakagoma. Kesi ikafunguliwa kwa niaba ya wanafunzi 117, kisha ikaunganishwa na nyingine katika hukumu ya Brown ya mwaka 1954, iliyokataza kuwatenga watoto shuleni kwa rangi.

Halmashauri ya wilaya haikumpiga mtoto wala kuchoma jengo. Mahakama ilipoishurutisha mwaka 1959 kuwachanganya watoto, ilikataa tu kutenga fedha za shule katika makadirio. Karani gani asiyejua nguvu ya fungu lililoachwa tupu? Asitwambie mtu kwamba huo si mkono wa mwanadamu.

Na huo usawa u wapi? Watoto weupe walifunguliwa shule ya binafsi, na kwa muda wazazi wao wakasaidiwa karo kwa fedha za umma. Watoto weusi wapatao 1,700 wakaachwa bila shule. Wengine walipelekwa kwa jamaa wa mbali, wengi wakabaki nyumbani. Shule za serikali hazikufunguliwa hata mwaka 1964, baada ya Mahakama Kuu kuamua kwamba kufungwa kwake kulivunja katiba.

Jengo la Moton leo ni makumbusho. Nalo jimbo la Virginia lilianzisha msaada wa masomo kwa walionyimwa shule mwaka 2004. Aliyekuwa na miaka 9 milango ilipofungwa, alikuwa amekwisha timiza miaka 54.