Bendi si Pambo la Wageni

Katika vilima vya Bobasi, kaunti ya Kisii, kuna soko la Nyacheki, na shule zimelizunguka. Wazazi wa huko huuza majani ya chai na mikungu ya ndizi ili watoto wapate sare na madaftari. Basi si ajabu wakiwa wakali juu ya kila saa ya masomo. Huko, kama mahali pengi pa nchi yetu, nimesikia likirudiwa na watu wenye akili njema neno kwamba mtoto wa darasa la 7, la 8 au la 9 aingiaye katika bendi ya shule anapoteza wakati wake. Husemwa kwa upole na kwa nia ya huruma, na kwa sababu hiyo ni neno gumu kupingwa. Hata hivyo nataka kulipinga.

Hoja yao kubwa ni saa. Husema kuwa saa ya ngoma imeibwa katika hesabu na sayansi. Asemaye hivi yamkini hajapata kumtazama mtoto anayejifunza kupiga ngoma. Mtoto huyo lazima agawe pigo moja katika mawili, na mawili katika manne. Anyamaze mapigo matatu na kurudi katika la nne bila ya kuambiwa. Asikie kosa lake kabla mwalimu hajalisikia. Akiharakisha, filimbi zinamkimbilia na wimbo wote unaanguka. Katika somo la hesabu mvivu aweza kufunika daftari kwa mkono wake. Katika bendi hana pa kujificha, maana uvivu wake husikika papo hapo kwa wenzake wote. Sisemi kwamba muziki humwongezea mtoto alama za hesabu. Wako wanaodai hivyo, nami naona wanaudhalilisha muziki kwa kuufanya mtumishi wa somo jingine. Nasema tu kwamba saa ile haikuibwa. Shule ya Starehe ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya vijana waliokuwa hawana makao, ina sifa nchini kwa bendi yake na ina sifa nchini kwa mitihani yake. Wanaoogopa saa na watujibu hilo.

Ukweli ni kwamba si wakati tulioukosa, bali heshima. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulikuwa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi. Masomo ya mtihani yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, muziki ulitolewa. Jina lake lilibaki katika ratiba zilizobandikwa ukutani, kama jina la marehemu lililosahauliwa katika orodha ya walio hai. Lakini aghalabu kipindi chake kilipewa somo lenye mtihani. Watoto wakaelewa upesi kuliko walimu walivyodhani: kisichotahiniwa hakina thamani.

Sasa mtaala mwingine umeshika mahali pa ule. Ulianza mwaka 2017, nao umeweka sanaa na michezo kuwa somo la lazima katika darasa la 7, la 8 na la 9. Baada ya hapo mwanafunzi huelekezwa katika njia moja kati ya tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Wanafunzi wa kwanza waliingia darasa la 10 kwa utaratibu huo Januari 2026. Hapa ndipo penye jambo zito, nami namwomba msomaji kijana alitazame kwa makini, kwani linamhusu yeye kuliko mimi. Mtoto wa mjini ambaye shule yake ina piano na mwalimu wa piano huulizwa achague njia, naye huchagua. Mtoto wa kijijini ambaye hajapata kushika chombo hata kimoja huulizwa swali hilo hilo, na jibu lake huandikwa kuwa ni hiari yake. Je, hiyo ni hiari? Kumwonyesha mtu milango mitatu na kumficha ufunguo wa mmoja ni kumchagulia.

Wakuu wa shule hujibu kuwa tarumbeta ni ghali. Ni kweli, ni ghali sana. Lakini nani aliyetuambia kuwa bendi ni tarumbeta? Abagusii wana obokano, chombo chenye nyuzi nane, kikubwa kuliko nyatiti ya Wajaluo. Bakuli lake ni la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na nyuzi zake zilikuwa za kano za mnyama kabla ya kuja nailoni. Sauti yake ni nene, na mvumo wake mtu huusikia kifuani kabla ya kuusikia masikioni. Arisi O Sababu alijulikana Gusii nzima kwa chombo hiki. Mti uko, ngozi iko, na mafundi wangaliko. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuandika neno obokano katika ratiba bila ya kuona haya.

Watu wa Lamu na Mombasa walipoona bendi za wageni mwishoni mwa karne ya 19, hawakungoja kupewa vyombo vyote vya wageni. Walichukua mwendo, wakachanganya na ngoma zao, wakaunda beni. Na askari na wachukuzi wa vita vya 1914 hadi 1918 wakaieneza bara. Na wimbo wa taifa tunaousimamia mbele ya bendera, sauti yake ilitolewa mwaka 1963 katika wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo. Taifa halikuona aibu kuchukua wimbo wa mama jikoni. Shule ya kijiji inaona aibu kwa lipi?

Lakini lawama yangu kubwa si juu ya wanaoikataa bendi. Ni juu ya wanaoipenda kwa siku moja. Nilipata kufika katika shule moja ambayo sitaitaja. Kiongozi alitazamiwa saa nne, naye akafika saa nane. Watoto wa bendi walisimama juani muda wote huo na ngoma shingoni. Wakapiga kwa dakika tano alipokuwa akishuka garini, kisha ngoma zikarudishwa stoo na mlango ukafungwa kwa kufuli. Nilimwuliza msichana mmoja lini watapiga tena. Akaniambia, "Akija mgeni mwingine." Sijasikia shtaka kali kuliko hilo.

Hata Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limedumu tangu mwaka 1927 na limetutendea mema mengi, limegeuzwa na shule nyingine kuwa kufuli la namna hiyo. Huchaguliwa watoto thelathini wenye sauti, hufundishwa wimbo mmoja miezi mitatu, na mamia wengine hubaki kupiga makofi. Kikombe hupatikana na kuwekwa kabatini. Somo halikupatikana.

Hoja ya njaa, kwamba wanamuziki hufa maskini, sitaikawilia. Wakulima wengi wa chai nao ni maskini, na hakuna aliyewakataza watoto kujifunza kilimo.

Imebaki hoja ya mwisho, ambayo huletwa katika mikutano ya wazazi kana kwamba ndiyo nyundo ya kufungia mjadala: mzee apigaye obokano hana cheti cha ualimu. Basi mwalimu mwenye cheti na asimame darasani kama sheria inavyotaka, na mzee aketi kando yake juu ya kigoda chake. Mmoja ajaze kitabu cha mahudhurio, mwingine akaze nyuzi.