Karani wa Leta na Siasa



Kuna neno linalosemwa sana maofisini: karani wa Leta asifanye siasa. Neno hili limekatwa katikati. Tulitazame zima.

Someni Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 193. Kinasema kwamba utawala wa serikali hauna siasa wala upendeleo, na hakuna mtu awezaye kuugeuza kwa faida yake au ya chama chake. Hakuna mtu: ndiyo kusema waziri, gavana na mkurugenzi wamo pia. Na kifungu cha 23 kinampa kila mtu haki ya kusema mawazo yake, kwa mdomo, kwa maandiko na kwa picha, akiheshimu sheria. Karani naye ni mtu.

Basi mpaka uko wapi? Muhuri ni wa watu wote. Ulimi ni wa mwenyewe. Mchimbaji wa Kamituga akileta mfuko wake mbele ya karani wa migodi, asiulizwe ni wa chama gani. Gari la serikali lisibebe bendera ya chama. Siri za ofisi zisitupwe kwenye WhatsApp. Lakini jioni, nyumbani kwake Kadutu, karani akiandika katika simu yake kwamba barabara imeharibika au mshahara haujafika, hilo si kosa la kazi. Ni sauti ya mwananchi.

Wazee wanakumbuka. Mwaka 1967 Mobutu alianzisha MPR, na baadaye kila Mkongomani akahesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Makarani walivaa beji yenye sura ya mkubwa, watu wakaimba na kucheza kwa kumsifu, mpaka chama kimoja kilipokwisha Aprili 1990. Wakati ule nani aliwaambia makarani waache siasa? Kumbe siasa iliyokatazwa ilikuwa ile ya kusema hapana.

Na Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, mwalimu na muuguzi walijikuta kati ya wakubwa wawili. Katika saa kama ile, neno moja la simu laweza kumpaka mtu rangi asiyoichagua. Wakubwa hubadilika, mgonjwa kitandani ni yule yule.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Amri iandikwe wazi, kila karani aisome. Imfunge mkubwa kabla ya mdogo. Na asiadhibiwe mtu kabla ya kusikilizwa.

Mtumishi asiye na ruhusa ya kulalamika, huyo ni mtumwa. Nasi utumwa tuliukataa zamani.