Milango Miwili ya Afrika

Mgeni aingiaye Metropolitan Museum of Art mjini New York, jumba la makumbusho lililoasisiwa mwaka 1870, hukuta ukumbini njia mbili. Akishika kulia, huingia Misri. Akiitaka Afrika, hana budi kushika kushoto, apite kwanza kati ya masanamu ya Uyunani na Roma, ndipo aifikie sehemu yenye jina la Michael C. Rockefeller, iliyofunguliwa mwaka 1982. Humo Afrika imepangishwa pamoja na visiwa vya Pasifiki na Amerika ya kale. Jumba halimwambii mgeni kwa maneno kwamba Misri si Afrika; miguu yake ndiyo ifundishwayo.

Watetezi wa mpango huu husema kwamba kila mkusanyo ulikuja kwa njia yake, na una wataalamu wake. Ni kweli. Vitu vingi vya sehemu hiyo vilitoka katika jumba dogo lililofunguliwa mjini humo mwaka 1957 kwa jina la Museum of Primitive Art, yaani sanaa ya watu wadhaniwao hawajastaarabika. Lakini historia ya wafadhili si historia ya wachongaji. Jina lile limekufa. Mpaka uliochorwa nalo ungali hai.

Hekalu la Dendur, lililomo upande wa Misri, lauvunja mpaka huo. Lilijengwa Nubia kwa amri ya Kaisari Augusto, likawaheshimu, pamoja na mungu Isis, wana wawili wa mkuu wa Kinubi. Je, ni la Misri, la Roma, au la Afrika? Ni la zote. Nalo lilisimama kando ya mto uleule utokao Ziwa Nyanza.

Wala haifai kusema kwamba jambo hili ni muhali. Desemba 2021 jumba lenyewe liliweka kazi za Misri ya kale ubavuni mwa kazi za Afrika Magharibi na ya Kati, katika maonyesho yaliyoazima jina la kitabu cha Cheikh Anta Diop. Lililowezekana kwa muda lawezekana daima.

Hadi siku hiyo, mwanachuoni aendaye huko asiitii milango. Atoke hekaluni moja kwa moja, akakitazame kinyago cha pembe cha Idia, mama wa mfalme wa Benin, cha karne ya 16. Asipofanya hivyo atarudi na daftari lililojaa, na bara lililokatwa vipande viwili.