Jiko Likinguruma, Ulizeni Fundi Yuko Wapi

SAFU: KUTOKA MLIMANI
Na Mwenda Njeru

Aliye na jiko la peleti la feni anaijua sauti ile. Mara linanguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo, mara linakata pumzi. Moto unazama ndani ya mkebe, moshi mweupe unafoka, halafu puu! Moto unarudi kwa kishindo na sufuria inapakwa masizi. Mama aliyeinjika githeri jioni na watoto wanalia njaa hana nafasi ya kuchunguza chanzo. Analizima, analisukuma uvunguni mwa meza, anarudi kwenye mawe matatu.

Nimeyaona majiko ya aina hiyo yakiwekewa viazi mbegu upande wa Nkubu, na jingine kule Runyenjes limegeuzwa kiti. Wenyewe husema jiko limeharibika. Mengi hayajaharibika hata kidogo. Yamekosa mtu wa kuyasikiliza, na lawama nyingi ziende kwa wanaoyauza na wanaoyagawa, ambao hupiga picha na akina mama, wakapanda gari, wasionekane tena.

Jiko hili haliwaki kama kuni. Unalijaza peleti, unaziwasha kwa juu, na moto unateremka polepole. Hewa kidogo inayopita chini inatosha tu kuzichoma peleti nusunusu zitoe gesi. Gesi inapanda, na karibu na mdomo wa mkebe inakutana na hewa nyingine inayoingia kwa safu ya matundu. Hapo ndipo inapowaka. Ndimi unazoziona ni gesi inayoungua, na kelele karibu zote hutokea pale hewa na gesi zinapokosa kulingana.

Kwa hiyo kabla ya kulaani, tega sikio. Mngurumo usiokatika, na ndimi za moto zimejitenga na matundu kana kwamba zinataka kuruka, maana yake feni inasukuma hewa nyingi mno. Punguza. Moto ukipanda na kushuka, sikiliza feni yenyewe kwanza: nayo ikipanda na kushuka, tatizo ni betri iliyochoka, waya uliolegea au mapanga yaliyojaa vumbi na utando wa buibui. Feni ikizunguka sawasawa ilhali moto bado unahema, hewa ya chini inazuiwa. Pindua mkebe ukiwa umepoa, ugonge, utazame matundu ya kitako. Mara nyingi utakuta jivu lililoganda vigae. Na kuna wanaojaza peleti hadi zikafunika matundu ya juu kwa tamaa ya kupika muda mrefu. Hewa ya pili itapita wapi?

Lakini ukiniuliza mkosaji mkuu huku kwetu, nitakuonyesha gunia. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu na joto mpaka ukashikana. Ikipata maji huvimba na kurudi kuwa unga. Sasa fikiria mvua ya Machi hadi Mei, ukungu wa Kibugu au Githongo usioondoka mpaka saa nne asubuhi, na gunia limekaa sakafuni kando ya mtungi wa maji. Chukua peleti moja uivunje kwa vidole. Nzuri hukatika kwa mlio mkavu na ina ung'avu kidogo ubavuni. Mbovu hulainika na kuacha vumbi kiganjani. Vumbi hilo likiingia mkebeni huziba nafasi kati ya peleti, gesi inakuja kwa vipindi, na ndiyo hiyo hema-hema unayoisikia. Gunia linyanyuliwe juu ya ubao, mdomo ufungwe, na peleti zipepetwe kabla ya kutiwa jikoni. Akina mama waliopepeta mahindi na maharagwe maisha yao yote hawahitaji semina ya kupepeta. Wanahitaji tu kuambiwa kwamba peleti nazo hupepetwa.

Jambo moja si la mzaha. Jiko likizimika huku likitoa moshi mweupe mzito, usiliinamie na kiberiti, wala usimwagie mafuta ya taa. Moshi ule ni gesi ambayo haijaungua, na inaweza kulipuka usoni kwa mpigo mmoja. Litoe nje lipoe. Vilevile mwisho wa upishi, ndimi zikififia na kubaki moto mfupi wa samawati, sasa ni makaa yanayoungua na yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usijifungie nayo ndani. Yamwage kwenye debe lenye kifuniko yazimike, kesho yatachemsha chai.

Watu wa Embu si wageni wa teknolojia hii. Hapo Kibugu, watafiti wa shirika la kilimo-misitu la ICRAF, akiwemo Mary Njenga, walifanya kazi na familia zilizopika kwa majiko ya gesi ya kuni, wakitumia matawi ya miti ya mukima na magunzi ya mahindi. Kuni zilipungua, moshi ukapungua, na makaa yakabaki. Ila kuni lazima zikatwe vipande vidogo, na zikiisha kabla maharagwe hayajaiva huwezi kusukumia ukuni mwingine tu. Peleti inaondoa kazi ya shoka, lakini inaleta feni, betri na gunia. Na hivyo vyote vinataka fundi.

Tazameni jiko la kauri lililoenea nchini tangu miaka ya themanini. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walilifua wenyewe kwa mabati, na likipasuka kauri, kila soko lina mtu wa kuibadilisha. Rwanda nako, kampuni ya Inyenyeri kule Gisenyi iliwapa wateja majiko ya peleti ya kampuni ya Uholanzi ya Mimi Moto bila malipo, ikawauzia peleti na kuwatengenezea majiko yakiharibika. Mwaka 2020 ilifungwa. Pesa zilikwisha, lakini katika jambo moja walifikiri sawasawa: aliyekuuzia peleti ndiye aliyekuja jiko likikorofisha.

Kenya ilitunga kanuni za majiko yaliyoboreshwa mwaka 2013, zikawagusa watengenezaji, waagizaji, wasambazaji na hata mafundi. Kwenye karatasi fundi yupo. Mimi namtaka kwenye kibanda, karibu na stendi ya Embu na ya Meru, akiwa na feni za akiba kwenye droo. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti. Anayesomea umeme hapo hashindwi kufunga feni ndogo ya betri. Kabla ya waziri wa kaunti kuzindua tena msafara wa majiko, atuambie ni vijana wangapi wamefunzwa kuyatengeneza, na katika wadi zipi.

Na wewe unayekwenda kununua Jumamosi, mwambie muuzaji aliwashe mbele yako, kwa peleti zilezile anazokuuzia, mpaka maji yachemke. Kisha muulize bei ya feni peke yake. Akianza kujikuna kichwa, ondoka na pesa zako.